Mkono Juu ya Boneti

Kila asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu, mjomba huweka mgongo wa mkono wake juu ya boneti ya gari la kwanza atakalolikuta. Haijalishi ni la nani. Linaweza kuwa la jirani anayefanya kazi benki, au la kusambaza mikate lililosimama mbele ya duka, au lile bovu la mwenye nyumba ambalo matairi yake yamekaa chini na paka wamezalia ndani. Hugusa bati kama mama anavyompima mtoto homa, husubiri kidogo akiwa amekunja uso, kisha ndipo huuliza, "Mmeamkaje?"

Watu wanamwita Baridi. Wasiomjua hudhani ni kwa sababu ya tabia yake, maana si mtu wa maneno wala vicheko. Lakini jina limetokana na kazi. Mjomba hukagua magari yaliyotumika kwa niaba ya watu wanaotaka kuyanunua, na kwa miaka ishirini na sita amekuwa na sharti moja: gari alikute baridi. Liwe limelala usiku kucha, halijawashwa.

"Injini baridi haina adabu," alinieleza nilipoanza kumwandikia matokeo ya ukaguzi. "Itakohoa mbele za watu, itatoa moshi, itagonga. Ukishaipasha moto, inakuwa kama mtoto aliyefundishwa majibu kabla mgeni hajafika. Shikamoo. Hatujambo. Tunaendelea vizuri. Wewe mgeni utajuaje kama jana walilala na njaa?"

Nilimwandikia likizo nne nikiwa chuo kikuu, na nikaendelea hata baada ya kumaliza. Macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti, na miwani ilimdondoka kila alipoingia chini ya gari. Basi yeye alilala chali juu ya kipande cha boksi akitaja, mimi nikachuchumaa pembeni na daftari. Kazi ilinifaa kwa sababu haikunitaka niseme. Darasani nilijua majibu na sikunyoosha mkono. Mhadhiri mmoja alinifundisha miaka mitatu, na siku ya mahafali akaniuliza mimi ni mgeni wa nani.

Kila ukurasa niliugawa kwa mstari katikati. Upande wa kushoto niliandika yanayoridhisha, kulia yasiyomridhisha. Sikuwahi kuona gari lenye upande mmoja mtupu. Kazi ya mjomba haikuwa kutafuta gari lisilo na kasoro. Alisema gari la namna hiyo liko kwenye kalenda tu. Kazi yake ilikuwa kupima kasoro ipi inakula mfuko na ipi inakula mtu.

Yaliyomtia wasiwasi kuliko yote ni yale makubwa, sedani ndefu za milango minne ambazo zamani walipanda wakurugenzi. Gari dogo likichoka linalia tangu mbali, alisema. Kubwa huvumilia, huvumilia, hadi siku linapoacha. Tena lina mlango mzito unaofunga kwa sauti nene, kama kabati la mbao nzuri. "Mtu akishasikia mlango ule ukifunga," alisema, "hasikii kitu kingine tena. Gari ni kama mchumba. Siku ya kwanza kila mtu kaoga."

Yeye mwenyewe mlango ule hakuupenda. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha kati na cha pete, havikunjiki. Hata akishika kikombe hubaki vimenyooka, kama vinamwonyesha mtu njia. Ukimuuliza, husema, "Mlango ulifunga," na mazungumzo yanaishia hapo.

Habari kamili niliipata kwa mke wake, siku moja tukianua nguo. Zamani, alisema, mjomba wako alikuwa akisema matokeo hapo hapo, mbele ya muuzaji. Siku moja akasimama kwenye yadi ya mtu, wateja watatu wakiwa wanasikia, akasema, "Hili limekwisha." Mkono wake ulikuwa umeshika nguzo ya mlango. Mtu akausukuma mlango ukafunga. Hakuusukuma kwa hasira. Aliusukuma polepole, kama unavyofunga chumba alicholala mtoto, kisha akauegemea kwa nyonga yake akasubiri.

"Nani?" niliuliza.

"Hajanitajia," alisema, akakunja shuka. "Na wewe usimuulize. Nishike upande huo."

Tangu hapo mjomba hakusema tena matokeo mbele ya muuzaji. Alitunga alama yake. Asubuhi ya ukaguzi humwambia mteja wake pembeni: nikimaliza nikaomba maji ya kunawa, kazi imekwisha, nunua. Nikijifuta kwa kitambaa, mwambie unakwenda kufikiri. Ilikuwa alama nzuri, maana hakuna anayemtilia shaka fundi anayejifuta mikono. Kwa miaka yote hiyo haikuwahi kumwangusha.

Dada yangu ni muuguzi. Mwaka mmoja walimhamishia kwenye zahanati iliyoko ng'ambo ya vilima, na ili ufike huko lazima ushuke mteremko wenye kona kumi na moja, ambao upande wake wa kushoto hauna kitu ila hewa. Alikuwa akienda Jumapili na watoto wake pacha wa miaka mitano, akirudi Ijumaa, kwa kuomba lifti kwenye malori ya mchanga. Shemeji, mume wake, hakulala vizuri siku hizo. Ni mpima ardhi, mtu wa vipimo na kamba, lakini siku alipoiona sedani moja iliyokuwa inauzwa akawa kama mvulana aliyeahidiwa baiskeli.

"Shemeji, hebu funga hicho kitabu unisikilize," aliniambia. "Rangi ya wingu la mvua. Viti vya ngozi. Pacha watalala nyuma kama wako kitandani. Na wewe tutakupakia, labda utapata mchumba njiani badala ya kuolewa na kabati la vitabu."

"Mjomba ameshaliona?"

"Ataliona Jumamosi. Mwenye gari atalileta Ijumaa jioni lilale hapa. Nimemwambia hilo sharti."

Jumamosi saa tatu asubuhi tulifika, mjomba na mimi. Gari halikuwepo. Shemeji alimchukua mjomba pembeni mwa ukuta, wakanong'onezana ile habari ya maji na kitambaa, shemeji akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Dada alikuwa ndani. Zamu ya usiku ilikuwa imemchelewesha, akafika alfajiri hiyo kwa lori, na alilala saa mbili tu. Hakuna aliyemweleza alama hiyo. Hakuna aliyeona haja.

Ndipo gari likaingia uani, refu, la kijivu, bila sauti. Matairi tu ndiyo yaliyosikika yakikanyaga changarawe. Akashuka mwanaume wa makamo, viatu safi, kitambaa cheupe mkononi, sauti ya mtu anayezungumza karibu na mgonjwa.

Mjomba alilifuata gari kabla ya mtu. Akaweka mgongo wa mkono juu ya boneti. Kwa kawaida huuondoa baada ya pumzi mbili. Safari hii aliuacha.

"Lina moto," alisema.

"Nimeliendesha, fundi," alisema mwenye gari. "Lisingeweza kuja kwa miguu." Shemeji akacheka. Mwenye gari akatabasamu, akamtazama mjomba vizuri. "Baridi! Siku nyingi. Na vidole vinaendeleaje?"

"Vipo," alisema mjomba.

"Ajali ile ilinisikitisha sana."

Kalamu yangu ilisimama. Shemeji alikuwa anazunguka gari akipapasa bati. Hakusikia, na hata angesikia asingeelewa. Mjomba aliinama akafungua boneti. Aliushika ukingo wa boneti kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akautia mfukoni.

Kwa saa nzima nikaandika. Upande wa kushoto ulijaa haraka. Oili safi, rangi ya asali. Maji ya rejeta hayana mafuta. Injini imetulia, mjomba aliegemeza mpini wa bisibisi ndefu sikioni, ncha yake kwenye injini, akasikiliza huku amefumba macho, hakusikia cha kulaumu. Gia zinaingia bila kugutuka. Breki zinashika pande zote. Nguzo zote za mwili zimenyooka, halijagongwa.

Upande wa kulia ulikuwa na mistari michache, na karibu kila mstari ulikuwa na jibu lake.

"Manukato matatu," alisema mjomba, akionyesha vibao vya harufu vilivyoning'inia.

"Mke wangu huyo," alisema mwenye gari. "Akipanda gari bila manukato anaumwa kichwa."

"Zulia jipya."

"La zamani lilichakaa. Ningemletea mteja zulia lenye matobo?"

"Mikanda ya mbele mipya."

"Usalama kwanza, fundi. Hata serikali inasema."

"Taa ya kushoto ina mvuke ndani."

"Nimeliosha asubuhi. Nikija na gari chafu mtasema, nikija na safi mtasema." Shemeji akacheka tena, ingawa safari hii alimtazama mjomba kwanza.

Mjomba akapiga magoti, akapitisha tochi chini ya kiti cha dereva. "Andika. Bolti za kiti, kutu." Akazunguka upande wa pili. "Za abiria pia, kutu." Mistari hiyo miwili tu ndiyo niliyoiandika bila jibu. Mvua hainyeshi chini ya kiti.

Kisha akataka kuingia nyuma. Lakini mwenye gari alikuwa ameshakaa huko, mlango wazi, mguu mmoja nje, anajipepea kwa kitambaa chake. "Niwie radhi," alisema, "magoti yangu si ya kusimama tena. Wewe endelea tu, fundi. Huku nyuma ni kukaa tu, hakuna mashine." Mjomba alisimama mbele yake kitambo. Mwenye gari alikuwa na mkono kwenye mlango, anaufungua kidogo, anaurudisha kidogo, anaufungua, anaurudisha, kama mtu anayembembeleza mtoto kwenye pembea. Mjomba akarudi nyuma hatua moja.

Nilikumbuka neno ambalo aliwahi kuniambia kuhusu magari yaliyozama kwenye mafuriko. Watu huyakausha, huyapaka, huyauza mbali na mto. Gari lililozama, alisema, haliharibiki siku ile. Maji hubaki kwenye nyaya na kwenye visanduku vya umeme chini ya dashibodi, yakila polepole. Linaweza kwenda mwaka mzima vizuri. Kisha siku moja, katikati ya kona, injini inazima, usukani unakuwa mzito kama umechomelewa, breki inagoma chini ya mguu. "Na halichagui siku ambayo uko peke yako."

Lakini hilo lilikuwa neno la zamani, kuhusu magari mengine. Hapa palikuwa na bolti zenye kutu na taa yenye mvuke.

"Liache hapa hadi kesho asubuhi," mjomba alimwambia mwenye gari. "Nilisikie likiwa baridi."

"Ningependa kweli. Ila kuna mtu analisubiri saa saba. Nimemheshimu mkwe wako kwa sababu alitangulia." Akashuka, akamshika shemeji bega, wakasogea upande wa barazani kuangalia kadi ya gari.

Tulibaki wawili. Mjomba alitazama ukurasa wangu akiuweka mbali na macho yake. "Moja moja, hakuna kesi," alisema kwa sauti ya chini. "Kutu itapata jibu. Mvuke una jibu. Lakini gari lenye majibu mengi hivi..." Mikono yake ilikuwa nyeusi mpaka vifundoni. Akapeleka mkono mfuko wa nyuma na kuanza kuvuta kitambaa chake.

Kitambaa kilikuwa nusu nje ya mfuko pale dada alipotoka na jagi, beseni na kipande cha sabuni.

"Mjomba jamani! Utakaa na mikono hiyo nyumbani kwangu? Huyu mgeni atasema hatukulelewa." Alikuwa bado na alama ya mto shavuni. Akaweka beseni juu ya kiti, akainamisha jagi. "Lete mikono, baba."

Maji yalianza kumwagika kabla hajajibu. Niliona mjomba akiutazama mkono wake na kitambaa chake. Nadhani alitafuta namna. Lakini mtoto wa dada yako akikumiminia maji mlangoni kwake, amekesha kazini, amekuinamia kwa heshima, na mgeni anatazama, unaiondoaje mikono? Unamwambia nini? Akapenyeza kitambaa kwapani, akanawa. Akanawa polepole mno, vile vidole viwili vikiwa vimenyooka chini ya maji. Mimi nilikuwa na maneno kooni: hakuyaomba, shemeji, hakuyaomba. Yalikaa palepale.

Barazani shemeji aligeuka. Aliona maji. Uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Basi!" alisema. "Mzee, tumalize. Kalamu iko wapi?"

Waliweka makaratasi juu ya boneti. Mwenye gari akaja akasimama karibu na mjomba, karibu sana, akamwekea mkono begani. "Fundi mzuri hana maneno mengi," alisema. "Umri unatufundisha sote." Mjomba alikuwa anakausha mikono, kidole kimoja kimoja.

"Kabla hujatia saini," mwenye gari akamwambia shemeji, "mwache mama watoto naye alijaribu. Wapandisheni watoto, niwashushe mteremko mpaka chini na kuwarudisha. Asikie lilivyo laini. Ukiridhika, ndipo uandike."

"Haki kabisa," alisema shemeji. "Unaona, dada yako atadhani yuko kwenye ndege. Shemeji, wafunge watoto mikanda."

Pacha walikuwa wameshaingia, wakirukaruka kwenye ngozi. Niliingia nao. Manukato yalikuwa yanakaba. Pacha mkubwa alikaa kimya nimfunge. Mdogo, kama kawaida yake, alikuwa na mchezo. Alishika mkanda akauvuta, akauvuta, akaona hauishi, akacheka, akauvuta kwa mikono miwili mpaka ukagonga mwisho wake.

Katikati ya mkanda palikuwa na mstari. Ulikuwa wa kahawia, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Juu yake mkanda ulikuwa mweusi na mpya. Chini yake ulikuwa na rangi ya udongo, umekakamaa, na ulikuwa na harufu ambayo manukato hayakuifikia, harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi. Nilivuta mkanda wa upande wa pili mpaka mwisho. Mstari ulikuwa palepale, kimo kilekile. Nikaulinganisha na pacha mdogo aliyekuwa amekaa ananitazama. Ulimfika kifuani.

Nilitoka nje. Sijui kama nilimkanyaga mtoto. Shemeji alikuwa ameshika kalamu, dada anakunja mikono ya gauni lake akitaka kuingia mbele, mwenye gari amesimama kwenye mlango wa nyuma niliotokea, mkono juu yake, tayari kuufunga. Akanitazama, kisha akatazama ule mkanda uliokuwa bado unaning'inia nje ya kiti, haujarudi. Hakubadilika sura.

"Watoto wangu walimwaga chai," alisema, kabla sijauliza.

Wote walikuwa wananiangalia. Nilikuwa na maneno mengi: mstari, kimo, kutu, maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Nilijua kwamba nikianza kuyaeleza nitashikwa na kigugumizi, na kila moja litapata jibu lake. Kwa hiyo niliuliza moja tu, na nilimuuliza mjomba, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua.

"Mjomba. Hawa watoto, wewe ungewapakia?"

Mjomba aliutazama mkanda. Akautazama mlango, na mkono uliokuwa juu yake. Kisha akatembea mpaka pale, akashika nguzo ya mlango kwa mkono wake wa kushoto, vidole vyote vitano ndani, na kwa ule mwingine akaanza kumfungua pacha mkubwa mkanda.

"Hapana," alisema. "Nisingewapakia."